Hii nitupe au niiache? Majibu kwa wenye droo zisizofungika

Maswali ya karatasi za nyumbani yamekuwa mengi mpaka nimeona niyajibu kwa pamoja. Kabla sijaanza niseme tu, mi huwa siangalii karatasi ina umri gani, naangalia kama kuna mtu bado anaweza kuja kuniuliza kuhusu hilo jambo. Mtu wa kodi, anayenidai, mwenye nyumba, kampuni ya bima, ndugu kwenye mirathi. Akiwepo hata mmoja karatasi inakaa, asipokuwepo inaondoka hata kama ni ya juzi. Haya twende.

Bili za umeme na maji nazitunza tangu nianze kujitegemea, miaka kumi na moja sasa, ziko kwenye boksi chini ya kitanda. Mume wangu anasema nina ugonjwa. Nizitupe?

Dada huna ugonjwa ila boksi limekuzidi. Bili ya kawaida ya mwezi ikishalipwa, na bili inayofuata ikaonyesha malipo yameingia na hakuna deni limebebwa, kazi yake kubwa imeisha. Mi naziacha mwaka mmoja zaidi kwa sababu moja tu, kulinganisha. Bili ya maji ya mwezi huu ikiruka ghafla unachukua ya mwezi kama huu mwaka jana unaweka pembeni, ukiona uniti zimepanda mara mbili na watu ndani ya nyumba ni walewale basi kuna bomba linavuja mahali au mita imesomwa vibaya, na hapo unaenda kulalamika ukiwa na kitu mkononi, sio maneno matupu.

Ila bili moja usiiguse, ile ya mwisho unapohama nyumba. Hiyo mi imeniokoa. Niliwahi kuhama nikalipa kila kitu, na kwa bahati tu siku natoka nilipiga picha mita, namba zinaonekana vizuri na tarehe ipo kwenye simu. Kama miaka miwili baadaye napigiwa simu naambiwa nina deni la maji la ile nyumba, eti mpangaji niliyemwachia hajabadilisha jina na yeye ndo alikuwa anatumia, mi sina habari. Nikatuma ile picha na risiti ya malipo ya mwisho. Wiki mbili kimya, afu ujumbe ukaja wa mstari mmoja, suala limefungwa. Hata pole hawakusema, lakini sikulipa.

Kwa hiyo bili ya kuhamia na ya kuhama kaa nazo miaka sita hivi. Sio namba niliyoitoa kichwani, madai ya mkataba kwa sheria za Kenya, Tanzania na England yana ukomo wa miaka sita, baada ya hapo mtu akienda mahakamani unaweza kumwambia muda umepita. Na hapa niweke neno ambalo wengi hawalijui, ukilipa hata kidogo tu kwenye deni la zamani, au ukiandika ujumbe kukubali kwamba unadaiwa, ile saa inaweza kuanza kuhesabu upya. Kwa hiyo mtu akikupigia kuhusu deni la zamani akakuambia "toa chochote tu kuonyesha nia njema", usitoe kwanza. Tafuta karatasi zako ndo uongee.

Za miaka kumi hizo nyingine zote ondoa, isipokuwa kama unafanya biashara nyumbani na umezitumia kwenye hesabu za kodi. Hizo soma swali la kodi hapa chini.

Nilinunua friji lina waranti ya miaka miwili, limekufa kabla ya muda, nimeenda kutoa risiti ni nyeupeeee. Hakuna hata herufi. Hii imekuwaje na nifanyeje?

Pole sana, hii ndo inayouma kuliko zote maana umetunza vizuri na bado umekosa.

Risiti nyingi za madukani hazina wino kabisa. Karatasi yenyewe imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto, na ile mashine inachoma herufi tu. Ukitaka kujua kama ni ya aina hiyo ikwaruze kwa ukucha haraka haraka, ikiacha mstari mweusi ndo yenyewe. Sasa kitu kilichoandikwa kwa joto kinaharibika kwa joto, mwanga, mafuta ya mikono, sanitaiza, na hii watu hawaamini, hata ile mifuko ya plastiki laini ya kwenye mafaili, maana kile kinacholainisha plastiki kinakula maandishi. Selotepu juu ya herufi ni hivohivo. Na tafadhali usiipeleke kwenye laminesheni, ile mashine ina moto, risiti itatoka nyeusi tii kama imechovywa kwenye lami.

Dawa yake ni picha siku hiyohiyo ya kununua, kabla hata mzigo haujatolewa kwenye boksi, na kwenye picha ingiza risiti pamoja na serial namba, ile ya kutambulisha kifaa iliyo nyuma yake, zote ndani ya picha moja. Afu ile halisi weka kwenye bahasha ya karatasi, gizani.

Kwa sasa usikate tamaa, kama ulilipa kwa benki au kwa simu yale malipo yana rekodi yenye tarehe na kiasi, na duka lenyewe mara nyingi linaweza kutafuta mauzo kwenye mfumo wao kwa tarehe. Nenda na hivo viwili na kadi ya waranti kama ipo. Waranti zikishaisha tupa risiti, ila za vitu vikubwa vilivyo kwenye bima ya nyumba kaa nazo muda wote unaomiliki kitu, siku ukiibiwa utaulizwa ulikinunua lini na kwa bei gani.

Kodi ni miaka mingapi? Kila mtu ananiambia namba yake.

Kwa sababu kila nchi ina namba yake, kaka. Kenya mitano, Tanzania mitano. Marekani msingi ni mitatu tangu upeleke ritani, yaani fomu ya mapato yako kwa mtu wa kodi, lakini ukiwa umeacha kuandika zaidi ya asilimia 25 ya mapato yako wanaweza kurudi nyuma miaka sita, na usipopeleka ritani kabisa au ukidanganya kwa makusudi hakuna mwisho. Uingereza aliyejiajiri anatakiwa kukaa na rekodi angalau miaka mitano baada ya ile tarehe 31 Januari ya kuwasilisha.

Watu wanakosea kwenye mahali pa kuanzia kuhesabu. Hauhesabu kutoka tarehe iliyo kwenye risiti, unahesabu kutoka mwisho wa kipindi cha kodi au siku ya kuwasilisha, inategemea uko wapi, kwa hiyo risiti ya Januari inaweza kukaa karibu mwaka mzima zaidi ya ulivyodhani. Mi naongeza mwaka mmoja juu ya sheria nalala usingizi. Na kama kuna ukaguzi au rufaa inaendelea usitupe chochote mpaka iishe kwa maandishi.

Kingine, ukinunua nyumba au kiwanja, risiti za ukarabati, paa jipya, choo kipya, uzio, hizo zinafuata nyumba, hazifuati ile miaka mitano. Nchi nyingi siku unauza zinatoza kodi kwenye faida, na ulichotumia kuiboresha mara nyingi kinapunguza hiyo faida. Mtu anatupa risiti za paa la miaka 15 iliyopita afu anakuja kulipia kodi hela ambayo hakuipata. Inauma sana hiyo.

Slipu za mshahara?

Mpaka ustaafu na pensheni ianze kuingia sawasawa. Najua inaonekana ndefu. Mwajiri anaweza kufunga, anaweza kukata michango kwenye slipu na asiipeleke kwenye mfuko, na utakayeulizwa miaka 30 baadaye ni wewe. Kama ni nyingi mno skani zote, karatasi bakiza mikataba ya kazi, barua za kuanza na kuacha, na slipu ya mwisho ya kila mwaka.

Baba amefariki miezi mitatu iliyopita. Ameacha makabati mawili ya karatasi, kaka zangu wanataka tuchome tuanze upya. Mimi nasitasita lakini sijui kwa nini.

Pole sana mama, Mungu ampumzishe. Na unasitasita vizuri, msichome kitu.

Miezi mitatu ni mapema mno. Kwa sasa hakuna hata mmoja wenu anayejua nani anaweza kujitokeza, anaweza kuwa mtu anamdai, na anaweza kuwa mtu anayedaiwa na yeye, hilo la pili watu wanalisahau. Bima ya maisha aliyokuwa analipa kimya kimya utaijua kwa slipu moja ya benki yenye makato ya kila mwezi kwa jina msilolitambua. Kiwanja alichonunua na kumaliza kulipa utakijua kwa makubaliano yaliyokunjwa mara nne ndani ya Biblia au Kurani au kitabu cha simu. Kwa hiyo kila kitabu kipigwe kofi kidogo na kurasa zifunguliwe, sio kabati tu.

Fanyeni hivi, siku moja mkae wote, kaka zako wawepo ili kesho asiseme mtu umeficha. Msisome kila kitu mtalia mtashindwa, gaweni tu kwa mafungu. Fungu la mali na umiliki, fungu la benki na mikopo, la bima na pensheni, la kodi, na la vyeti. Yasiyoeleweka yawe na fungu lake, msilazimishe. Barua na picha za familia ziwekwe mbali kabisa, hizo sio za siku hiyo. Stetimenti za benki za miaka ya karibuni pitieni mstari kwa mstari mkitafuta makato yanayojirudia.

Mirathi ikishafungwa rasmi na kodi yake ya mwisho ikashughulikiwa, anza kuhesabu ule muda wa kodi wa nchi yenu, ukiisha ndo mchome. Karatasi za mirathi yenyewe na hati za mali hazichomwi kamwe, wajukuu watazihitaji.

Nikiskani kila kitu si naweza kutupa karatasi zote nikaishi kwa amani?

Karibu zote, sio zote. Kitu chenye mhuri, saini ya wino au kilichotolewa na mamlaka kinabaki halisi: vyeti vya kuzaliwa, ndoa na talaka, hati za ardhi, wosia, hukumu za mahakama, barua ya benki kwamba mkopo umeisha. Hiyo ya mkopo ni ya maisha, usibishane na mimi.

Zilizobaki skani, lakini jina la faili lianze na mwaka, 2024-03-maji, 2024-04-maji, zitajipanga zenyewe. Majina kama skani mpya mwisho kabisa 2 ni sawa na kurudisha droo ndani ya kompyuta. Weka nakala tatu, sehemu mbili tofauti, na moja isiwe ndani ya nyumba hiyohiyo. Na usitegemee kwamba ziko kwenye app ya benki, siku ukifunga akaunti unafungiwa nje na historia yako yote, pakua kwanza ndo ufunge.

Nikitupa nichane tu kwa mkono inatosha?

Bili ya kawaida chana sehemu ya jina na namba ya akaunti, inatosha. Yenye namba za kitambulisho au benki hapana. Mwaka 1979 ubalozi wa Marekani pale Tehran ulipovamiwa walikuwa wameshapitisha nyaraka kwenye mashine ya kukata vipande virefu, na Wairani wakakaa chini wakaziunga upya kipande kwa kipande. Jirani yako hana subira hiyo lakini chukua mashine inayokata vipande vidogo vidogo, au loweka kwenye ndoo usiku kucha uvuruge mpaka iwe uji.

Mume wangu anatunza hata bahasha zilizokuja na bili. BAHASHA. Nimwambieje?

Mwambie atupe. Ila akikujibu kwamba muhuri wa posta unathibitisha barua ya mahakama au ya kodi ilitumwa lini, hapo amekushinda, za namna hiyo mwachie.