HR ana kazi gani na NSSF? Nilijifunzia kwa mzee wa boila

Dada uliyeuliza kwa nini HR, ofisa wa rasilimali watu, ajisumbue na NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni wa wafanyakazi hapa Kenya, ilhali kampuni ina mhasibu: nami nilisema hivyo hivyo mwaka wangu wa kwanza kiwandani, Industrial Area. Mhasibu anakata, mhasibu anapeleka, mimi narudi kwenye fomu zangu za likizo.

Hadi mzee wetu wa boila alipotimiza miaka 60.

Alienda makao makuu ya NSSF, Bishops Road, asubuhi kudai chake. Alasiri akarudi, akaketi mbele ya meza yangu, akafungua mkebe wa Kimbo. Ndani mlikuwa na pesilipu zake zote, zimekunjwa na kufungwa kwa raba, zile kuukuu zimefifia hadi uzielekeze dirishani ndipo zisomeke. Kila moja inaonyesha makato. Kumbe kwenye rekodi zake kule kulikuwa na miaka mitatu mitupu. Akaniuliza, "Binti yangu, mimi nilikatwa ama sikukatwa?"

Alikatwa. Na pesa zilitoka. Ila tulipobadilisha programu ya mishahara, aliyeingiza namba za uanachama alipindua tarakimu mbili, na hakuna aliyelinganisha. Mhasibu haangalii jina, anaangalia jumla, na jumla ilikuwa sawa. Ilituchukua miezi minne ya barua, nakala za kitambulisho na risiti za benki kuzirudisha kwa mwenyewe. Miezi minne mzee wa watu anakopa unga dukani.

Kwa hiyo kazi yako inaanza siku mtu anapoajiriwa: jina, kitambulisho, PIN ya KRA (namba yake ya kodi) na namba ya NSSF vilingane kabla ya mshahara wa kwanza. Halafu kila baada ya miezi mitatu chukua watu kumi, wafungue taarifa zao za michango kwenye simu mkiwa pamoja. Mimi hufanya hivyo saa ya chai.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Mfanyakazi 6%, mwajiri 6% kutoka mfukoni mwake, hadi kikomo cha mshahara kilichokuwa shilingi 18,000 Februari 2023 na kufika 72,000 Februari 2025. Mwenye 30,000 anakatwa 1,800, kampuni inaongeza 1,800, na hizo 3,600 ziwe zimefika tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ukichelewa, faini ni 5% kwa kila mwezi. (Wakubwa waliozoea mchango wa zamani wa shilingi 200 bado wanaugulia.) Ukiona mfanyakazi amebebeshwa mafungu yote mawili, piga kelele; nimeiona pesilipu kama hiyo kwa macho yangu.

Sasa huyo bosi wako anayesema vibarua hawahusiki. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zisizopungua mwezi mmoja, anahesabiwa kuwa wa mshahara wa mwezi. Wale mnaowaandika upya kila Jumatatu kwenye daftari la mlangoni ni wafanyakazi wenu, daftari liseme litakalo.

Usimwendee kwa huruma, mwendee kwa hesabu. Kifungu cha 35 cha sheria hiyo hiyo kinamnyima mwanachama wa NSSF malipo ya utumishi (service pay) anapoachishwa kazi kwa notisi, kwa sababu tayari anawekewa akiba. Asiyewekewa ana mlango wa kuyadai, kwa kila mwaka aliofanya kazi. Zidisha kwa idadi ya vibarua wenu, uone kama alichookoa ni akiba au ni deni. Mimi nilimwekea bosi karatasi moja yenye safu mbili, akaitazama kitambo, akaagiza chai nyingine. Wiki iliyofuata nikaanza kukusanya vitambulisho.

Na akikuambia "tutapeleka mwezi ujao", mwandikie barua pepe siku hiyo hiyo, utaje tarehe 9 na kiasi cha faini. Ya kwanza niliyoandika haikujibiwa mpaka leo, lakini pesa zilienda Ijumaa.