Mto unakauka, mkutano unavunjika: kueleza habari ya maji ya Usangu

SWALI: Shikamoo. Mimi ni afisa maendeleo ya jamii katika kata moja ya wilaya ya Mbarali. Nilitakiwa kueleza kwenye mkutano mkuu wa kijiji kwa nini mto Ruaha Mkuu unakauka kiangazi. Nilipewa bango lenye grafu na takwimu za mita za ujazo. Dakika kumi hazikupita, mkulima akasema tatizo ni ng'ombe, mfugaji akasimama kumjibu, mwenyekiti akafunga mkutano. Sasa naambiwa nirudi tena, safari hii nitumie na redio pamoja na grupu la WhatsApp la kata. Jambo lenye pande nyingi hivi linaelezwaje bila kugombanisha watu? Na hizi njia mpya zinasaidia kweli?

JIBU: Marahaba. Grafu yako ilikuwa ngumu, lakini hata ingekuwa nyepesi mkutano ungevunjika. Watu walikuja wakisubiri kusikia nani anatajwa kuwa mkosaji, na kwa bonde la Usangu jambo hilo lina historia ndefu. Mto ulianza kukauka kabisa kiangazi mwaka 1993. Mwaka 2001 serikali iliahidi kwamba ifikapo 2010 maji yatatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 wafugaji na mifugo yao wakaondolewa Ihefu, ardhioevu ya bonde hilo, na 2008 eneo lile likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa Ruaha kwa Tangazo la Serikali namba 28, lile ambalo Mbarali nzima inaliita "GN 28". Mto ukaendelea kukauka. Mzee aliyeswaga ng'ombe wake kuondoka mwaka 2006, akisikia afisa anatamka neno "mazingira", anajua kinachofuata. Hakusikilizi tena, na mimi simlaumu.

Kwa hiyo usianze na chanzo cha tatizo. Anza na safari ya maji, ukitaja majina wanayoyajua: Chimala, Kimani, Mbarali, Ndembera. Yateremshe kutoka milimani, yapitishe kwenye mabanio yanayochepusha maji kwenda mifereji, yaingize majarubani kwenye mpunga, halafu yaliyobaki yafikishe Ihefu. Hapo simama, maana ndipo penye fumbo lenyewe. Watu wengi wanaona Ihefu bado ina maji Oktoba, kumbe huko chini hifadhini viboko wamebanana kwenye vidimbwi. Wanajiuliza inakuwaje, na wasipopata jibu wanahitimisha kwamba wataalamu wanadanganya.

Jibu lake ni beseni. Nenda nalo mkutanoni, la plastiki, ulikate mdomo upande mmoja nusu ya kimo. Mdomo ule ni Ng'iriama, ambako kuna kizingiti cha mwamba. Jaza maji mpaka yatoke mdomoni: hiyo ndiyo masika. Sasa acha kumimina, chota vikombe viwili tu kuwa ni jua na majani yanayonywa. Maji yanashuka chini ya mdomo na mto unakatika, ilhali beseni bado lina maji. Waulize kifanyike nini mdomo utoe tena. Watasema wenyewe: maji mengine yaingie juu. Yanayoingia Ihefu kiangazi ni yale yaliyoachwa na mabanio, na sasa umefika kwenye suala la umwagiliaji bila kumnyooshea mtu kidole.

Takwimu zibaki, ila zibadilishe vipimo. Mita moja ya ujazo kwa sekunde ni mapipa matano ya lita 200 yanayopita kila sekunde. Piga makofi mara tano harakaharaka, kila kofi pipa moja. Nimeona wazee waliokuwa wanasinzia wakiinua vichwa kwa hesabu hiyo.

Kuhusu ng'ombe, sema ukweli wote. Mifugo mingi inakanyaga kingo na kumaliza malisho ya ardhioevu, hilo lipo. Lakini utafiti uliofanyika Usangu kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kupungua kwa mto kiangazi kunatokana zaidi na maji yanayochepushwa juu ya Ihefu katika miezi hiyo. Wala usimgeuzie kibao mkulima. Mfereji unaobaki wazi Septemba mara nyingi ndio bomba la kijiji: mama anachota humo maji ya kupikia. Ukisema "fungeni mabanio", yeye anasikia wanawe wanyimwe maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani, kwa hiyo ukifika hapo zungumzia visima kwanza, kufunga banio baadaye.

Umeme wa bwawa la Mtera, huko chini ya mto, nakuomba uupitie kwa tahadhari. Bwawa lile hujazwa hasa na mafuriko ya masika, na linapokea pia Ruaha Mdogo na Kisigo. Kumwambia mkulima wa Igurusi kwamba kitalu chake cha Oktoba ndicho kimezima taa Dar es Salaam si haki, na kinakupunguzia uaminifu kwa mambo mengine ya kweli.

Sasa njia mpya. Nyanda za Juu Kusini tumetoka mbali: kauli mbiu, fulana, ngoma, mgeni rasmi. Siku hizi redio za mikoa yetu zinapokea simu na ujumbe wa wasikilizaji, na huo ndio uzuri wake. Usikubali kwenda studio peke yako kusoma tamko. Nenda na mwenye shamba la juu ya mfereji, wa mwisho wa mfereji, na mfugaji, waongee wao. WhatsApp inafaa kwa taarifa fupi: zamu ya maji, siku ya kusafisha mfereji, picha ya banio lilivyo leo. Tumia ujumbe wa sauti, wengi wanausikiliza hata wasiopenda kusoma. Mabishano ya nani kakausha mto yahamishie mkutanoni mara moja. Kwenye grupu mtu hamwoni mwenzake usoni, na klipu ya sekunde thelathini ikisambazwa bila maelezo inaweza kuwasha moto kati ya Wasangu na Wasukuma ambao wewe huna uwezo wa kuuzima.

Njia ninayoipenda kuliko zote haihitaji hata chaji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti, Chuo Kikuu cha Sokoine kikiwamo, walifanya kazi na wakulima wa bonde dogo la Mkoji kwa kutumia ubao mrefu ulioinama. Gololi zinaporomoka kutoka juu, hizo ndizo maji. Vijiti vinavyowekwa njiani ni mabanio, na mashimo ya pembeni ni mashamba ya kujazwa. Wa juu wanachepusha, wa chini wanasubiri. Baadaye wachezaji wanajadili nini kifanyike ili gololi zifike chini. Seremala yeyote wa Rujewa atakutengenezea, na gololi ziko dukani.

Ukipata ubao, mweke juu mtu ambaye shamba lake liko mwisho wa mfereji, na mwenye banio la kwanza mpeleke chini kabisa, avizie gololi mbili tatu. Usitoe maelezo yoyote mpaka raundi ya pili iishe. Na mkutano uitishe Julai, mpunga ukiwa umeshaingia ghalani na zamu za kiangazi hazijapangwa. Oktoba watu watakuja na majembe yao yakiwa bado yana tope la kugombea maji usiku.