Kwa mnaoanza kusoma chati za mafua: tazameni daftari kabla ya mvua

Wadogo zangu mnaoingia kwenye ufuatiliaji wa magonjwa ya njia ya hewa, karibuni. Kila kundi jipya likija, kosa huwa lile lile, basi nimeona niandike kabla hamjafungua Excel.

1. Idadi ya wagonjwa peke yake haitoshi. Hapa ndipo mnaponichosha. Mtu anachukua wagonjwa wa SARI (maambukizi makali ya njia ya hewa yanayomlaza mtu hospitalini) waliokutwa na virusi vya influenza, yaani mafua makali, kila mwezi, anaweka milimita za mvua juu yake, anaona Aprili na Mei mstari umeshuka, anaandika kwamba masika hupunguza mafua na mabadiliko ya tabianchi yakizidisha mvua tutapata nafuu. Rasimu kama hiyo nimeisoma juzi, imepangwa vizuri kweli. Nikamwomba mwandishi wake afungue daftari la wodi ya watoto. Miezi ile waliolazwa walipungua kwa kila ugonjwa, hata walioungua na waliovunjika mikono. Barabara ilikuwa imekatika! Mama mwenye mtoto anayekohoa afanye nini? Anamkanda nyumbani, anangoja maji yapungue. Tulipogawanya waliokutwa na virusi kwa waliopimwa, asilimia ilikuwa imepanda. Kwa data za Kenya, kumbukeni pia mgomo wa madaktari wa siku 100, Desemba 2016 hadi Machi 2017, kisha ule wa wauguzi wa miezi mitano mwaka huo huo. Mashimo hayo msiyaite msimu.

2. Msiazime msimu wa Ulaya. Kule influenza hupanda hewa ikiwa baridi na kavu, na majaribio ya simbilisi ya 2007 yalionyesha hali hiyo huirahisishia kuambukiza. Kwetu ipo mwaka mzima. RSV (virusi vya njia ya hewa vinavyowaumiza hasa watoto wadogo) huko Kilifi, pwani ya Kenya, huanza kupanda mwishoni mwa mwaka na kuvuka hadi mwaka mpya, kaskazi ikivuma na joto limeshika. Baridi iko wapi hapo?

3. Miaka mitatu si tabianchi. Wataalamu wa hali ya hewa huanza na 30. Na ndani ya miaka yenu kuna 2020, shule zimefungwa na barakoa usoni. Australia, RSV ilikosekana majira yake ya baridi, ikalipuka kiangazi. Joto halikubadilika ghafla hivyo. Watoto wasio na kinga walikuwa wamerundikana, virusi vilipopata mwanya vikawakuta. Tabianchi inatuhusu sana, jamani, ila ifuateni mpaka mahali inapomgusa mtu: mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwalaza watu makambini, familia kwa familia, na kikohozi cha mmoja hakina pa kwenda ila kwa jirani.

4. Sampuli kwenye kibebeo chenye barafu, nyuzi 2 hadi 8, na saa ya kuchukuliwa iandikwe pale pale.

Ukiniletea chati, iwe na mistari mitatu: waliolazwa, waliopimwa, waliokutwa na virusi. Ya namna hiyo nitaisoma nawe hata usiku.