Kigoda changu kando ya selo

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Mzazi asiyejua muziki amsaidieje mtoto anayejifunza ala?" Swali hilo limenikuta niko ndani yake mwaka wa nne sasa. Binti yangu Rehema ana miaka 13 na anapiga selo, ile ala ya jamii ya fidla ambayo mpigaji huketi akaishika katikati ya magoti, na mguu wake wa chuma ukakita sakafuni. Mimi sisomi nota. Babake hasomi nota. Katika ukoo wetu kule Mombasa aliyejua ala alikuwa mjomba wangu peke yake, Mungu amrehemu, aliyepiga fidla katika kikundi cha taarabu, na yeye pia nota hakuzisoma.

Jibu langu ni kwamba mzazi aketi naye. Msomaji mmoja wa wiki iliyopita aliandika kuwa kazi ya mzazi ni kulipa karo, yaliyobaki amwachie mwalimu. Namheshimu, lakini tufanye hesabu. Mwalimu wa Rehema humwona nusu saa kila Jumamosi. Siku sita zilizobaki yuko na nani? Mtoto wa miaka tisa akiachiwa ala chumbani peke yake hupiga wimbo kuanzia mwanzo hadi pale unapomshinda, kisha hurudi mwanzo. Jumamosi ikifika, mwanzo wa wimbo umelainika kama mlenda na mwisho wake haujaguswa. Kwetu ilikuwa hivyo muhula mzima wa kwanza, nami nilikuwa jikoni nikisikia selo inalia, nikijiambia mtoto anafanya mazoezi.

Ni mwalimu aliyenitoa jikoni. Aliniambia, "Mama Rehema, chukua kigoda ukae hapo. Usimsahihishe. Muulize tu nilimwambia nini." Nikachukua kigoda. Kila jioni baada ya chakula, dakika 20, simu nikiiacha chumba kingine. Namuuliza, "Mwalimu alisema nini kuhusu mstari huu?" Rehema ananieleza, na katika kunieleza anakumbuka. Wiki zilivyopita nikagundua kwamba yapo mengi yanayoonekana kwa macho hata kama nota huzijui. Upinde, ule mti wenye nywele unaosuguliwa kwenye nyuzi, unatakiwa uende sambamba na daraja, kile kibao chembamba kinachobeba nyuzi. Ukiteleza kwenda juu kwenye shingo ya selo, sauti inakuwa hafifu, kama mtu anayeongea kwenye khanga. Bega la kulia likipanda, ujue mtoto amechoka au ana hofu. Kwenye shingo mwalimu alibandika vipande vya utepe mweupe kuonyesha vidole vikae wapi, na kwa miezi mingi macho yangu yalikuwa hapo: kidole kiko juu ya utepe au kimepita?

Wajapani wamelifikiria jambo hili kwa kina. Shinichi Suzuki, mwalimu wa vayolini aliyezaliwa mwaka wa 1898, alianza na jambo ambalo kila mtu alikuwa akiliona: watoto wote wa Japani wanazungumza Kijapani. Kama lugha ngumu vile huingia kwa kusikia na kurudia mbele ya mama, basi na muziki uingizwe hivyo hivyo. Katika njia yake mzazi huingia darasani pamoja na mtoto, na mara nyingi hujifunza kushika ala mwanzoni ili ajue mtoto anaombwa nini. Niliposoma habari zake nilimkumbuka mjomba. Yeye alijifunza akiwa kijana kwa kukalishwa nyuma ya wapigaji na tari mkononi, usiku baada ya usiku, harusi baada ya harusi, mpaka siku moja akapewa fidla. Hakuwa na mtihani, ila alikuwa na watu wazima waliokaa karibu naye wakamsikiliza.

Kukaa karibu ni pamoja na kuijua ala yenyewe, na hapa nataka wazazi wenzangu wasipite nilipopita. Siku moja matatu ya 58 iliruka tuta, selo ikapigwa na kiti cha mbele. Tulipofika nyumbani daraja lilikuwa limelala na nyuzi zimelegea. Nikampelekea fundi mmoja wa magitaa, mtu mwema kabisa, akalipaka gundi kali na kulibandika. Mwalimu alipoona alishika kichwa. Daraja la selo halibandikwi kamwe. Linasimamishwa na mkazo wa nyuzi peke yake, na ndani ya tumbo la ala kuna kijiti nacho kimebanwa tu bila gundi, kinachopeleka mtetemo kutoka ubao wa mbele hadi wa nyuma. Kubandua gundi ile kulitugharimu pesa za masomo ya mwezi mzima. Basi ukinunua ala au ukiikodi, muulize mwalimu mapema fundi wake ni nani. Na kila mtoto akimaliza kupiga, nywele za upinde zilegezwe, maana zikiachwa zimekazwa kila siku mti wa upinde unapinda vibaya. Kazi hiyo mzazi yeyote anaweza kuikumbusha. Jambo lingine: mtoto hupanda ukubwa wa selo kama anavyopanda ukubwa wa viatu, kutoka robo hadi nusu hadi robo tatu, kwa hiyo anayekodi katika miaka ya mwanzo anafanya busara kuliko anayenunua. Na kwenye matatu lipieni viti viwili bila ubishi, kondakta hana kosa. Ala iliyolipiwa kiti haisukumwi.

Sasa mitihani. Watoto wengi wa ala hapa Nairobi hufanya mitihani ya ABRSM, bodi ya London iliyoanzishwa mwaka wa 1889, yenye gredi nane. Mtihani wa kawaida wa kupiga una alama 150. Nyimbo tatu, kila mmoja alama 30. Skeli, yaani kupanda na kushuka ngazi za nota kwa mpangilio, 21. Kusoma wimbo mgeni papo hapo 21. Majaribio ya sikio 18. Kupita ni 100, ukifika 120 unapata sifa, 130 sifa ya juu. Nimeziandika hesabu hizi kwa sababu laiti ningezijua mapema. Alama 60 nzima haziko kwenye nyimbo, na nyimbo ndizo sisi wazazi tunazozipenda, tunazorekodi kwa simu na kuwatumia mashangazi.

Rehema alipita Gredi ya 1 na ya 2. Nikapata moto. Nikataka Gredi ya 3 mwaka huo huo, mwalimu akisita, mimi nikisukuma. Nyimbo zikawa tatu tu kwa miezi saba, zile zile kila jioni, na kile kigoda changu kikageuka kiti cha hakimu. Nilianza kusema "tena" na "hapo umekosea". Mpiga piano wa kumsindikiza, ambaye mtahiniwa wa ala za nyuzi humhitaji na mzazi hugharimia mwenyewe, tulikutana naye asubuhi ile ile ya mtihani. Mtoto hakuwa amewahi kusikia piano ikianza kabla yake. Akachelewa kuingia, akatetemeka, na yaliyofuata yakafuata. Karatasi ilirudi na alama 96. Kwenye nyimbo zote tatu alikuwa amepita, 64 kwa 90. Kilichomwangusha ni skeli 13, kusoma papo hapo 9, sikio 10.

Nilisema neno nikiwa nimeishika karatasi ile. Nilisema, "Alama nne tu, Rehema!" Hakunijibu. Aliifunga selo kwenye mkoba wake akaiweka nyuma ya kabati, na miezi miwili haikutoka. Nimemwomba msamaha kwa neno lile, naye alinisamehe kwa urahisi kuliko nilivyostahili.

Wenzangu, mtihani wenyewe sina ugomvi nao. Maelezo ambayo mtahini huandika kwa kila sehemu yana manufaa, na mtoto anayetaka kusoma muziki mbele atahitaji ngazi hizo. Mjue pia kwamba mtoto haingii Gredi ya 6 kabla ya kupita sharti la Gredi ya 5, na wengi hulitimiza kwa mtihani wa nadharia, kwa hiyo nadharia isiachwe ikalundikana. Tangu 2020 ipo pia njia ya mtihani wa video, nyimbo nne mfululizo bila kukata, bila skeli wala majaribio ya sikio, nayo inawafaa watoto wanaoganda mbele ya mgeni. Ninachopinga ni kufanya gredi kuwa ndiyo muziki. Mtoto anayepiga nyimbo tatu kwa mwaka ni kama mtoto anayesoma kurasa tatu kwa mwaka.

Na majaribio ya sikio, yanayowatisha wengi, ndiyo sehemu ambayo mzazi asiyejua nota anaweza kuisaidia kuliko zote. Katika gredi za chini mtahini anapiga piano, mtoto anafuata mapigo kwa makofi, kisha anasema kama yanakwenda mbili mbili au tatu tatu. Anasikia kifungu kifupi anakirudia kwa kuimba. Sisi sasa tunafanya hayo nikikuna nazi. Redio inaimba, nauliza, "Mbili au tatu?" Kakake mdogo wa miaka sita anashindana naye. Juzi wimbo mmoja wa zamani wa taarabu ulikuwa tatu tatu na mtoto yule mdogo ndiye aliyewahi kuujua.

Kilichoitoa selo nyuma ya kabati ni watoto wenzake. Mama mmoja jirani, ambaye mwanawe anapiga tarumbeta, alituambia kuna okestra ya vijana inayofanya mazoezi Jumamosi alasiri katika ukumbi wa shule moja mtaani. Nilidhani watamkataa. Wakamweka safu ya mwisho ya selo, akishiriki karatasi ya nota na kijana wa miaka 16. Nilikaa mlangoni siku ile ya kwanza. Rehema alipotea mstari wa pili, nikaona uso wake unaanza kujikunja. Kijana yule, bila kuacha kupiga, akanyoosha ncha ya upinde wake kwenye karatasi kumwonyesha walipofika. Walipopumzika akamwambia, "Ukipotea usisimame. Acha nota zote, piga ile ya kwanza ya kila kipimo tu, utatupata mbele." Kipimo ni kila fungu la mapigo kati ya vistari viwili kwenye karatasi. Miezi saba ya "tena, hapo umekosea" haikuwa imemfundisha hilo. Kusoma papo hapo, kule alikopata 9, ndiko okestra inakomnoa kila Jumamosi, maana nota mpya huja na hakuna wa kumngoja.

Wapo waliolijua hili zamani. Kule Venezuela José Antonio Abreu alianzisha mwaka wa 1975 mpango unaojulikana kama El Sistema, ambao mtoto huingizwa kwenye okestra mapema, akajifunzia humo humo pamoja na wenzake. Hapa kwetu Elizabeth Njoroge alianzisha mpango wa muziki wa Ghetto Classics kule Korogocho, kando ya jalala la Dandora, na watoto wa huko wamesimama wakapiga mbele ya watu wakubwa. Nawaza sana juu ya wazazi wao. Mama anayetoka alfajiri kutafuta riziki hana dakika 20 za kigoda, na pale wenzake mtoto na walimu wake ndio wanaoketi naye. Mzazi aliye katika hali hiyo asijione amemwangusha mwanawe. Amtafutie kundi. Hata rekoda, ile filimbi ya plastiki tuliyonunua wengi wetu kwa ajili ya mtaala wa shule wa CBC, watoto wanne wakiipiga pamoja uani, inafundisha kusubiriana na kusikilizana.

Kigoda nimekirudisha mahali pake, ila nakaa kwa namna nyingine. Majuzi umeme ulipotea katikati ya mazoezi. Nilinyanyuka kutafuta mshumaa, akaniambia, "Mama, acha," akaendelea gizani na sehemu yake ya okestra, ile ya chini chini ambayo ukiisikia peke yake huwezi hata kuujua wimbo. Nilisikia nota moja ikienda upande. Nikanyamaza. Alifika mwisho, akarudi palipoharibika, akapapiga pole pole mara tatu, nne, mpaka pakakaa, kisha akaunganisha.

Gredi ya 3 hajairudia. Mwalimu aliniuliza kama amwandikishe kipindi kijacho, nikamwambia amuulize mwenyewe. Rehema amesema baada ya tamasha la Desemba, na kwamba mpiga piano apatikane mwezi mmoja kabla.

Mama Rehema,
Buruburu, Nairobi