Re: 1,234,567 ni namba tasa au siyo?

Habari mkuu. Umesema umejaribu 2, 3 na 5, zikagoma, ukakwama usijue ugawe mpaka wapi.

Mpaka 1,111 tu: namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, na cha 1,234,567 kinazidi hapo kidogo sana. Usigawe kwa kila namba, pita kwenye namba tasa peke yake.

Kabla ya hapo, okoa jasho. Kata tarakimu tatutatu toka kulia, kisha toa na kujumlisha kwa zamu: 567 − 234 + 1 = 334. Kwa kuwa 334 haigawanyiki kwa 7, 11 wala 13, namba yako nayo haigawanyiki kwa hizo. Tatu zimeondoka kwa mpigo, kwa sababu 7 × 11 × 13 = 1,001.

Kuanzia 17 ni kusaga meno. Mimi nilikaribia kukata tamaa kwenye 113, kumbe jibu lilikuwa mlango wa pili: 127 × 9,721 = 1,234,567. Kwa hiyo siyo tasa.

Na 9,721 usihangaike kuipima. Ingekuwa na vigawo vingine, kimojawapo kingekuwa chini ya 99 (kipeuo chake cha pili hakifiki hapo), na namba tasa hizo zote ulishazipita ukielekea 127. Njia ya mkato ya kuirukia 127 sina.