Kukana uzushi hadharani: je, kitubio peke yake kinatosha?

Ndugu, umesema ulifundisha watu waziwazi kwamba Kristo hayumo kweli katika Ekaristi, sasa umerudi katika imani, na unauliza kama lazima uyakane mafundisho hayo mbele ya watu au ungamo litatosha.

Kwanza, uzushi kwa mujibu wa kanoni 751 ya sheria za Kanisa Katoliki ni kukataa au kutilia shaka kwa ukaidi ukweli wa imani baada ya ubatizo. Mashaka yaliyokusumbua moyoni tu, au kosa la kutojua, ni jambo jingine kabisa. Wewe ulitamka, kwa hiyo kanoni 1364 inakuhusu: adhabu ya kutengwa na Kanisa huja yenyewe, bila mtu kuitamka, ingawa umri mdogo au kutoijua adhabu hiyo hubadilisha hesabu. Mweleze padri hayo yote mapema, kabla ya maondoleo ya dhambi, kwani adhabu hiyo huondolewa kwanza. Asipokuwa na mamlaka ya kuiondoa atakuambia njia, usimkimbie.

Dhambi husamehewa kitubioni, na padri hawezi kukutangaza kwa yeyote. Lakini waliopotoshwa na maneno yako bado wapo. Katekisimu, namba 2487, inasema wajibu wa kufidia kosa dhidi ya ukweli hubaki hata aliyekosa akishasamehewa. Kanoni 1347 nayo inadai kurekebisha madhara na makwazo, au angalau kuahidi kwa dhati.

Mimi naona kipimo ni wasikilizaji: uliowaambia ndio uwaambie tena. Kama walikuwa watatu, zungumza nao watatu. Kama uliandika, futa na uandike sahihisho fupi, bila kusimulia dhambi zako nyingine.