Ngome Ambayo Hakuna Atakayeishambulia

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: “Ni kazi gani unayoifanya kwa uangalifu mkubwa ingawa hakuna anayekulazimisha?” Mimi najenga ngome katika mchezo wa Minecraft. Jioni nikishatoka kazini na kula, nafungua kompyuta na kuendelea na kuta, minara, malango na mahandaki, bloku moja baada ya nyingine. Na najenga kana kwamba jiwe lina uzito na adui yuko njiani. Mchezo wenyewe haunidai hata moja kati ya hayo mawili, na hapo ndipo swali lenu liliponigusa.

Kwa msomaji asiyeufahamu: Minecraft ilianzishwa na Mswidi Markus Persson, ikaonekana hadharani mwaka 2009 na kutolewa rasmi 2011. Nakala zilizouzwa zimeshapita milioni 300. Dunia yake yote, milima, miti, mapango na bahari, imeundwa kwa bloku zenye upana wa mita moja kila upande. Unaivunja bloku, unaichukua, unaiweka unapotaka. Unaweza kucheza kwa kujitafutia kila kitu mwenyewe, unachimba mawe na kukata miti huku usiku ukileta mazimwi, au ukachagua hali ya kujenga huru, ambamo bloku haziishi na wewe unaruka kama ndege.

Jiwe la humo halianguki. Mchanga na kokoto ukiviondolea kilichovishika vinaporomoka, lakini jiwe na mbao hubaki pale pale ulipoviweka. Jenga mnara, kisha vunja msingi wote: mnara utabaki unaelea hewani. Tandaza sakafu ya mawe yenye urefu wa mita 100 bila nguzo hata moja: itakaa. Tangu toleo la mwishoni mwa 2021, mtu anaweza kujenga hadi kimo cha 320, na uso wa bahari uko karibu na 63. Maana yake unaweza kuinua mnara wa zaidi ya mita 250 juu ya maji, ukuta wake ukiwa na unene wa bloku moja tu, na hakuna kitakachotokea.

Mpwa wangu hujenga hivyo. Anapenda kwenda juu mpaka mchezo umzuie, na furaha yake naiheshimu. Lakini minara ya namna hiyo ukiitazama kwa mbali inaonekana kama imebandikwa angani. Macho yetu yamezoea uzito tangu utotoni. Tumeona kuta zikipasuka, tumeona fundi akirudia msingi, tumeona nguzo ilivyo nene pale inapobeba zaidi. Jengo lisilobeba chochote hujulikana mara moja, hata na mtu asiyeweza kueleza kasoro iko wapi. Mimi naamini ngome ya kwenye mchezo hupata uzuri wake kutokana na sheria ambazo mjenzi amejiwekea mwenyewe, na kwamba sheria nzuri kuliko zote ni zile zilizowabana waashi wa kweli.

Basi najibana. Ukuta wangu una unene wa bloku nne chini na mbili juu, na mguu wake unatanuka kwa mteremko kabla ya kugusa ardhi. Sakafu haivuki nafasi ambayo ubao wa kweli usingeweza kuivuka. Sheria hii ya pili sikuitoa Ulaya, niliitoa kwetu. Mtu aliyeingia nyumba za mawe za Lamu au Mji Mkongwe anajua vyumba vyake vilivyo virefu na vyembamba. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa ikiwa imenyooshwa mbali sana. Upana wa chumba uliamuliwa na mti. Ndiyo maana kumbi za ngome yangu zina safu za nguzo na matao katikati. Ukumbi mpana usio na nguzo ningeuweka kwa dakika chache, na kila ninayemwonyesha angeuona mtupu.

Mnara wa duara ndio uliochukua sehemu kubwa ya jioni zangu. Bloku ni mraba, kwa hiyo mnara wa pembe nne ndio unaokuja wenyewe. Duara unalikokotoa. Dogo ninalolipenda lina upana wa bloku 7: unaweka bloku 3 upande wa kaskazini, 3 kusini, 3 mashariki na 3 magharibi, kisha moja katika kila kona, jumla 16. Ukiongeza upana, lazima upange upya mistari inavyopungua, 5, 2, 1, 1, 2, 5 na kuendelea, la sivyo unapata pipa lenye mapengo badala ya duara. Upana wa namba witiri ni muhimu, kwa sababu unakupa bloku moja kamili ya katikati, na bila hiyo ngazi ya kuzunguka haipati mhimili.

Kwa nini nisibaki na pembe nne? Kwa sababu ya ngome ya Rochester huko Uingereza. Mwaka 1215 mabaroni, yaani makabaila, walioasi walijifungia humo, na Mfalme John akauzingira mnara mkuu wa pembe nne. Wachimbaji wake walitoboa chini ya kona ya kusini-mashariki, wakaishikiza kwa magogo, na mfalme akaagiza aletewe nguruwe 40 wanono. Mafuta yao yalitiwa moto ndani ya lile shimo, magogo yakaungua, na kona nzima ikashuka. Ilipojengwa upya baadaye, ilijengwa kwa duara, na hadi leo Rochester ina kona tatu za mraba na moja ya mviringo. Kona ya mraba ni mahali ambapo mchimbaji anaweza kutoa mawe machache na kuangusha mengi. Pia jiwe la manjaniki, mtambo wa kurushia mawe, linaipiga kwa nguvu zote, wakati ukuta wa duara hulifanya liteleze pembeni. Baada ya kuisoma habari hiyo sikuweza tena kuweka mnara wa pembe nne kwenye ukuta wa nje, ingawa hakuna mfalme atakayekuja kunichimbia.

Ndani ya mnara naweka ngazi. Kuizunguka nguzo ya katikati kunachukua bloku 8. Ukitumia ngazi za kawaida unapanda mita 8 kwa mzunguko mmoja, mwinuko mkali kupita kiasi. Ukitumia vibao vya nusu bloku unapanda mita 4, sawa na kimo cha ghorofa moja, na mlango wa kila ghorofa unaangukia upande uleule wa mnara. Siku nilipouona mpangilio huo ukikaa sawa nilimwita kila mtu nyumbani aje atazame.

Jambo jingine ninalolishikilia ni kuchagua zama. Wajenzi wengi huchanganya mnara mrefu wa karne ya 13 na mizinga iliyopangwa juu ya ukuta, kwa sababu vyote vinapendeza. Mimi nimeishi Mombasa, na Fort Jesus inakataza jambo hilo kwa kuwepo kwake tu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Izunguke: haina mnara mrefu wowote. Kuta zake za matumbawe ni nene na zimekaa chini chini, na pembe zake zimechomoza nje ili walinzi wa pembe moja waweze kupiga kando ya ukuta wa pembe ya pili. Hiyo ni ngome ya watu waliokwisha kujua mzinga unaufanya nini mnara mrefu. Kwa hiyo ukitaka minara, acha mizinga. Ukitaka mizinga, shusha kuta zako. Nimeanza ramani ya ngome ya aina hiyo ya pili katika dunia nyingine ya mchezo, na nakiri ni ngumu zaidi, kwa sababu uzuri wake wote uko katika pembe zilizolala mshazari, na bloku haipendi mshazari.

Fort Jesus imenifundisha pia kujali yaliyomo ndani. Waomani walipoizingira kuanzia 1696, kilichowamaliza waliokuwamo ni njaa na maradhi kuliko kuta kubomolewa, na mwishoni mwa 1698 ngome ikaangukia mikononi mwa washambuliaji. Katika Minecraft maji si tatizo: ndoo mbili ukizimwaga kwenye shimo dogo zinakupa chemchemi isiyokauka. Mimi nachimba kisima hata hivyo, kirefu, kilichojengewa mawe kuanzia juu hadi chini, kati ya jiko na ghala la nafaka. Naweka mazizi, tanuri la mkate, chumba cha mlinzi wa zamu karibu na lango na si mbali nalo. Mtu akiingia nataka aweze kujua askari alilala wapi na alikula nini.

Ziko sehemu chache ambapo mchezo nao unakubaliana na historia, na zinanifurahisha sana. Ukicheza kwa kujitafutia, buibui wakubwa wa usiku hupanda ukuta wowote uliosimama wima. Lakini ukuta ukiwa na ukingo uliojitokeza juu, hawawezi kuuvuka. Ukingo huohuo, ukiwa na matundu sakafuni mwake, ndio ambao ngome za kale ziliutumia kudondosha mawe juu ya kichwa cha adui aliyefika chini ya ukuta. Nilikuwa nimeshauweka kwa ajili ya sura yake.

Na kuna matundu ya kiunzi. Ukitazama kuta nyingi za kale kwa makini utaona vishimo vidogo vya mraba vilivyopangwa kwa safu. Humo ndimo magogo ya jukwaa la waashi yalipochomekwa kadiri ukuta ulivyopanda, na kazi ilipokwisha magogo yalitolewa, matundu yakabaki. Huko Guédelon, katika jimbo la Burgundy nchini Ufaransa, tangu 1997 watu wanajenga ngome nzima kwa zana na njia za karne ya 13: mawe yanachongwa kwa mkono pale pale machimboni, yanapandishwa kwa gurudumu kubwa ambalo mtu hulikanyaga akiwa ndani yake. Kazi ya namna hiyo huacha alama. Nami naziacha katika kuta zangu, tundu kila baada ya bloku chache, safu juu ya safu, ingawa mimi nilijenga huku nikiruka. Wanaotazama wengi hawazioni. Akitokea anayeziona, tunazungumza mpaka usiku.

Kuhusu rangi sitasema mengi. Ukuta wa jiwe la aina moja hauna uhai. Nachanganya matofali ya mawe na andesaiti, aina ya jiwe la kijivu, naweka yenye kuvu chini karibu na handaki na upande usiopata jua, na yaliyopasuka nayaweka chini ya madirisha tu, pale maji ya mvua yangepita. Ukiyatawanya ovyo yanaonekana kama upele.

Huulizwa faida. Wapo wanaoweza kujibu kwa nguvu: mwaka 2012 shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilishirikiana na waundaji wa Minecraft, na wakazi wa Kibera wakautumia mchezo kuonyesha jinsi walivyotaka uwanja wao wa Silanga utengenezwe. Mtu asiyeweza kusoma ramani ya mhandisi aliweza kuuona uwanja na kusema hapa sipataki, hapa naweka taa. Ni kazi ninayoithamini sana. Lakini sitaifanya ngao yangu. Ngome yangu haitajengewa watu wa mtaa wowote. Naifanya vizuri kwa sababu nikiifanya vibaya nitajua, na kwa sababu kila sheria ninayoifuata imenikutanisha na mtu wa kale aliyefikiria jambo hilohilo huku maisha yake yakitegemea jibu.

Sasa niko kwenye lango. Lina minara miwili ya duara, njia nyembamba katikati, mageti mawili ya chuma ya kushuka, na juu ya njia hiyo matundu ya kuwapiga waliokwama kati ya geti na geti. Mageti yanaendeshwa na mpwa wangu, ambaye mitambo ya mchezo anaijua kuliko mimi. Pistoni, bloku inayosukuma bloku nyingine, haisukumi zaidi ya bloku 12 kwa mara moja, na kwa sababu hiyo ameniambia, “Mjomba, lango lako lipunguze.” Nimelipunguza upana hadi bloku tatu. Gari la kukokotwa bado linapita, nimelipima, na askari watatu, kila mmoja kwenye bloku yake, wanaliziba lote.